Siku ya Kuacha Chumvi

Nilipaswa kusema hapana. Jumatano ile nilipata nafasi ya kulisema neno hilo mara mbili, na mara zote mbili nikalimeza. Daktari Harrop, mkuu wa maabara yetu pale Tororo, alisimama mlangoni na barua mkononi, akaniuliza, "Wandera, ni njia gani inaweza kunipa fuwele kabla ya Jumamosi?" Nikamjibu papo hapo, "Njia ya matone, bwana." Hakunilazimisha wala hakunitisha. Aliuliza swali tu, nami nilikuwa na jibu ambalo kwa miezi mingi nililiweka tayari nikingoja niulizwe.

Mjukuu wangu anasomea ufundi wa maabara, na wenzake wakija hapa nyumbani Busia huniuliza zamani tulifanyaje kazi bila mashine. Huwa nawasimulia visa vya kuchekesha. Hiki sijawahi kuwasimulia, kwa hiyo nakiandika.

Kwanza niwaeleze fuwele, kwa sababu si kila mtu ameishika. Tazama punje ya sukari, au ya chumvi ya mawe: pande zake ni bapa na kona zake kali, kana kwamba fundi ameichonga. Protini pia, ile iliyomo kwenye damu au kwenye yai, ikitunzwa vizuri ndani ya maji ya chumvi hujipanga namna hiyo hiyo. Ukipata punje moja safi, isiyo na ufa, kubwa kiasi cha kichwa cha kiberiti kilichogawanywa vipande vinne, wataalamu wa eksirei wanaweza kuipiga picha na kusoma humo umbo la protini yenyewe. Ikiwa ndogo mno, au imepasuka, haina faida yoyote. Ni uchafu tu.

Sisi tulitaka fuwele za damu ya kamongo. Mnamjua samaki huyu anayevuta hewa kama mtu, ambaye kinamasi kikikauka huchimba shimo, akajikunja ndani ya tope na kulala miezi mpaka mvua irudi. Daktari alitaka kujua kama damu ya kamongo aliyelala ina tofauti na ya kamongo aliye macho. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa na cheti changu cha sekondari, koti jeupe, na mjomba aliyejua kuwachimba kamongo kwenye mafunjo ya mto Sio. Nadhani niliajiriwa kwa sababu ya mjomba zaidi ya cheti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Owor, Mjopadhola wa Nabuyoga. Hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili. Alianza kwa kuosha vyombo vya mtaalamu mmoja aliyeondoka kabla ya Uhuru, akawa anatazama, na kutazama kwake kukawa elimu. Kamongo wa kwanza nilipomleta, bado amejifunga ndani ya bonge la tope, Mzee Owor alimgonga kwa kidole, akatega sikio.

"Samaki hii nalala kama karani ya ofisi ya gombolola," akasema. "Ukigonga mlango, nakohoa, halafu nalala tena."

Njia yake ya kukuza fuwele ilikuwa ya mfuko. Tulikuwa na utando mwembamba unaofanana na utumbo wa mbuzi uliooshwa vizuri, ila huo hutoka kiwandani. Unafunga ncha moja, unatia maji ya damu yaliyosafishwa, unafunga ncha ya pili, kisha unauning'iniza mfuko ndani ya chupa ya maji yenye chumvi ya amonia. Maji na chumvi hupita kwenye utando. Protini ni kubwa, haipiti. Kila asubuhi unaongeza chumvi kidogo nje, nayo huingia ndani polepole, mpaka protini inaanza kukosa nafasi na kujipanga.

Mimi nilikuwa nimesoma jambo hilo kwenye kitabu mara tatu bila kulielewa. Mzee Owor alinielewesha jioni moja kwake, tukinywa malwa. Kwa wasioijua, ni pombe ya ulezi inayonywewa kwenye mtungi mmoja katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, na kwenye ncha ya mrija kuna kichujio kilichosukwa kwa ustadi. Aliuchomoa mrija wake mtungini, akanionyesha ile ncha.

"Pombe napita?"

"Inapita, mzee."

"Makapi?"

"Hayapiti."

"Basi, wewe nasoma nini huko shule miaka yote?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha akamimina maji ya moto mtungini, kidogo, pembeni, bila kukoroga. "Ukimwaga yote mara moja, naharibu. Kidogo, halafu nangoja. Chumvi pia namna hii." Halafu akanipa mrija wake mwenyewe ninywe, ule aliokuwa akiutunza ndani ya ala ya mwanzi. Huo hakumpa kila mtu.

Mambo madogo ya kazi hii alinifundisha kwa kunitania. Chumvi ya amonia ukiiyeyusha, chupa hupoa mpaka vidole vinakufa ganzi. Mara ya kwanza niliongeza chumvi palepale mpaka ikakataa kuyeyuka, nikafikiri maji yameshiba. Chupa ilipopata joto la kawaida, maji yakawa bado na njaa, na hesabu yangu yote ikawa bure. "Ngoja chupa ipone homa," Mzee Owor alikuwa akisema. Kosa langu jingine lilikuwa kuinua kifuniko kila saa nione kama fuwele zimetokea. Fuwele hazipendi mtikisiko. Alinikuta siku moja nimeinama juu ya chupa, akaniuliza kama ugali wa mama yangu uliiva kwa kutazamwa.

Kwa ajili ya mtikisiko huo alibuni kitu ambacho sijakiona mahali pengine popote. Karibu na Mlima wa Tororo walikuwa wakilipua mawe, na kila mlipuko meza zetu zililia. Mzee Owor alichukua mtungi mkubwa wa malwa, akauzika hadi shingoni kwenye sanduku la mchanga mbichi katika kona ya stoo, ukuta usiopigwa na jua. Chupa yenye mfuko ilikaa ndani ya mtungi, juu kuna kifuniko cha mbao na gunia lenye maji. Ndani ya mtungi ule ilikuwa baridi ile ile asubuhi na mchana, na baruti zililia bila maji kutikisika.

Sasa kuhusu njia nyingine. Ipo ya kuchanganya moja kwa moja: unaitilia protini chumvi mpaka inafanya ukungu kidogo tu, unarudisha tone la maji ukungu uondoke, unaiacha. Ni ya haraka, nzuri ukiwa na protini tele ya kuchezea. Na ipo ya matone, ambayo niliisoma kwenye jarida lililoletwa na Daktari. Unaweka tone la protini kwenye kisahani cha kioo, kando yake unaweka maji ya chumvi kali, unafunga vyote pamoja kwenye kisanduku kisichopitisha hewa. Maji huhama kutoka kwenye tone kwenda kwenye chumvi, na tone linakolea lenyewe. Uzuri wake ni kwamba hutumia protini kidogo sana, kwa hiyo unaweza kujaribu nguvu ishirini za chumvi kwa wakati mmoja. Siku hizi ndiyo iliyoshika, mnaifanya kwenye visahani vya plastiki na mashine inadondosha matone. Ni njia nzuri. Nawaambia hivyo msije mkafikiri mzee huyu anachukia mapya. Kama huijui protini yako, anza na matone yakuonyeshe inapenda nini. Ukishaijua na unataka punje moja kubwa, mfuko na subira. Lakini usihame njia katikati ya kazi kwa sababu ya saa ya ukutani.

Nilimwomba Mzee Owor anifundishe jambo moja la mwisho, kuijua siku ya kuacha kuongeza chumvi. Maana inafika siku ambayo ukiongeza hata kijiko kimoja, punje mpya ndogo ndogo zinazuka mamia na kuzinyima chakula zile kubwa. Ukiacha mapema mno, hazikui. Yeye aliijua siku hiyo. Aliwasha tochi kando ya mfuko, akatazama ukingo wa ule wekundu, akasema "leo," na ilikuwa leo. Nilimwona akifanya hivyo na damu ya ng'ombe mara tatu, na sikuona alichokiona.

"Ya kamongo ikifika, nakuonyesha," aliniambia. "Ng'ombe ni rahisi. Kamongo ndiyo nafundisha mtu."

Mwaka ule mjomba alichimba kamongo wawili tu waliolala. Mmoja alikufa njiani. Damu ya yule wa pili yote ilikuwa ndani ya mfuko mmoja, ndani ya mtungi wa Mzee Owor, wiki ya tano. Mvua zilikuwa zimeanza, waliobaki wameamka, na hakuna mwingine mpaka kiangazi kijacho.

Ndipo ndugu yake Mzee Owor akafariki huko Kisoko. Desturi yao haimruhusu ndugu kuondoka kabla ya siku za matanga kwisha. Jumatatu asubuhi alikuja stoo akiwa tayari na koti lake la mazishi, akakaa na mtungi kitambo, kisha akaniita.

"Mwana wa Busia. Mtungi nakuachia wewe."

"Ndiyo, mzee. Pole sana."

"Kila asubuhi kijiko moja. Pembeni. Usishike mfuko. Mimi narudi Jumatatu."

"Sitaushika."

"Hata mkubwa akisema?"

"Hata akisema, mzee."

Alicheka kidogo, akaenda. Ukutani juu ya sanduku niliona mistari mitatu ya chaki ambayo Jumamosi haikuwapo. Sikuuliza ni ya nini.

Barua ya mgeni ilifika keshokutwa yake. Mtaalamu wa eksirei kutoka ng'ambo, ambaye tulikuwa tukimtarajia mwezi uliofuata, alikuwa anapita kwa treni, angeshuka Tororo Ijumaa na kuondoka Jumamosi. Daktari Harrop alitaka kumkabidhi fuwele mkononi. Hapo ndipo aliposimama mlangoni na kuuliza, nami nikasema, "Njia ya matone, bwana."

"Na ule mfuko wa Owor?"

"Unachelewa, bwana. Lakini damu yake ni nzuri. Naweza kuihamisha."

"Fanya hivyo."

Hiyo ndiyo nafasi ya kwanza. Ya pili ilikuja nusu saa baadaye, nikiwa peke yangu stoo. Nilifunua gunia, nikatoa chupa, nikaupeleka mfuko dirishani. Kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na punje tatu nyekundu.

Hazikuwa uchafu. Nilizitazama kwa kioo cha mkono. Zilikuwa na kona, pande zake zimenyooka, ndogo mno bado kwa eksirei, lakini zilikuwa nzima kabisa, na nilipougeuza mfuko zilirudisha mwanga kama jicho la kuku. Nilijua ninachokitazama. Mistari mitatu ya chaki nayo niliielewa wakati ule ule: mzee alikuwa ameziona kabla ya kwenda kuzika, akaziandika, akanyamaza ili aje anionyeshe.

Ofisi ya Daktari ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Ningekwenda na kusema, "Bwana, zimeanza, mgeni aambiwe tutamtumia." Daktari angefurahi. Lakini zingekuwa fuwele za Mzee Owor, na matone yangu yangebaki ndani ya jarida. Nilitaka mgeni aulize ni nani aliyezikuza, na Daktari anyooshe mkono kwangu. Huo ndio ukweli wote, na nimeutafutia jina zuri zaidi kwa miaka mingi bila kulipata.

Nilifungua mfuko. Ili maji yangu yawe safi ya kuanzia, niliongeza maji yasiyo na chumvi mpaka punje zikayeyuka. Nilikaa nikizitazama. Kona zilianza kuviringika, kisha zikawa nukta, kisha rangi tu. Ilichukua kama dakika kumi, na katika kila dakika ya hizo kumi ningeweza kuacha.

Niliweka matone arobaini. Sikubakiza hata kidogo. Na kwa kuwa siku zilikuwa mbili, niliweka chumvi kali kuliko jarida lilivyosema, ili maji yahame upesi. Yalihama upesi. Ijumaa asubuhi visahani vyote arobaini vilikuwa na tope la waridi. Chini ya hadubini ilikuwa sindano tupu, nyembamba, zimejazana kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi.

Mgeni alishuka treni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitazama kisahani cha kwanza, cha pili, cha saba. Alikuwa mtu mpole. "Mchanga mzuri," alisema, yaani hazimfai, akaomba chai. Jumamosi akapanda treni ya kwenda Malaba na mbele, na hatukumwona tena.

Jumatatu Mzee Owor alirudi, kichwa kimenyolewa. Kabla hajafika stoo, Daktari alituita sote wawili mbele ya meza yake, maana alihitaji kuandika taarifa, na taarifa lazima iseme kilichoshindikana.

"Wandera, ulipoufungua mfuko, kulikuwa na chochote ndani?"

Mzee Owor alikuwa upande wangu wa kushoto. Nilisikia anavyopumua.

"Hapana, bwana."

"Wiki tano, na hakuna kitu?"

"Hakuna, bwana."

Daktari aliandika. Mzee Owor aliitazama kalamu ikitembea. Daktari angemwamini nani, mwenye cheti au mwenye chaki? Tulipotoka mzee alikwenda moja kwa moja stoo, nami nikamfuata, sijui kwa nini. Alitazama mtungi mtupu. Akakunja mkono wa shati, akaifuta ile mistari mitatu kwa kiganja, mmoja mmoja, na kiganja akakipangusia suruali yake.

"Habari ya Busia?" akaniuliza.

"Nzuri, mzee."

"Basi vizuri."

Baada ya mwezi alihamishiwa zizini kushika ng'ombe wa majaribio. Taarifa ilisema njia ya mfuko haifai kwa maabara yetu. Mtungi ulichimbuliwa, mchanga ukatumika kujengea ngazi. Mimi nilipandishwa cheo, nikakaa kazini miaka thelathini na moja, na mpaka alipostaafu Mzee Owor alinisalimia kila tulipokutana, bila kukosa, kwa maneno yale yale: "Habari ya Busia?"

Nilimfuata Nabuyoga alipostaafu. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Nilimkuta ameketi na majirani, mtungi katikati. Mkewe aliniletea kigoda na mrija wa wageni. Wake mwenyewe ulikuwa mkononi mwake, na haukutoka mkononi mwake. Majirani walipoinuka kwenda kukamua, nikaanza, nikakwama. Akanisaidia.

"Mimi naliona tatu," akasema. "Wewe naliona ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Basi. Wote tunajua kuhesabu."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nasamehe zamani. Sasa wewe kunywa."

Tukanywa. Na mimi, kwa kuwa alisema amesamehe, nikathubutu kuuliza lile jambo moja. Nilimwuliza siku ya kuacha chumvi, alichokuwa akikiona kwenye ukingo wa mfuko.

Hakuwa na hasira.

"Hiyo nilikuwa naweka kwa mtu moja," akasema. "Mtu hiyo hakukuja."

Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Nilikwenda kuzika, na watoto wake waliniketisha vizuri, pamoja na watu wa serikali, kwenye viti vya wageni.

Vijana wangu, mtachagua njia nyingi za kazi, na nyingi mtazikosea, na hilo halina aibu. Mimi sikukosea njia. Nilizijua fuwele za mtu mwingine nikaziyeyusha, kisha nikasema hazikuwapo. Uamuzi ule ulinigharimu mwalimu wangu wa pekee, akiwa bado hai na anaishi mwendo wa baiskeli kutoka kwangu, na ulinigharimu kitu alichokuwa akikijua, ambacho amezikwa nacho. Nimejaribu njia ya mfuko mara nyingi tangu siku ile, na kamongo wa mjomba, na kamongo wa watoto wa mjomba. Sijawahi kupata punje nyingine ya damu ya kamongo yenye kona. Nilizoziona maishani mwangu ni zile tatu.